Mlango wa Kushoto

Agneta aliondoka nyumbani Jumanne saa moja asubuhi, amevaa ovaroli yake ya kijivu juu ya gauni, na kufikia saa sita mchana hakuwa nasi tena. Alianguka dukani alikokuwa akifanya kazi ya kuchanganya rangi za magari. Wenzake walimpakia kwenye pikapu ya mteja wakamkimbiza hospitali, lakini daktari alisema mshipa wa kichwani ulikuwa umepasuka na hakukuwa na la kufanya. Mimi ni mtunza stoo katika shule moja hapa Kisumu. Simu ilipoita nilikuwa nikipanga chaki. Nilitembea hadi getini nikiwa bado nimebeba lile boksi, na mlinzi akalitoa mikononi mwangu polepole.

Tulimzika Usenge, kwetu, siku ya kumi na moja. Mama yake hakuja. Alikuwa ameteleza mwezi wa Desemba akavunjika nyonga, na hangeweza kukaa kwenye gari kutoka Port Victoria hadi kwetu. Badala yake alimtuma Masinde, kaka mdogo wa Agneta, na ujumbe wa mambo mawili. La kwanza, nguo za binti yake zirudi kwake kabla ya Pasaka, kama desturi ya nyumba yao ilivyo, ili azigawe yeye mwenyewe kwa dada na mashangazi wakiwa wamekusanyika. La pili, nizipeleke kwa lile gari.

Masinde aliniambia maneno hayo tukiwa tumesimama kando ya kaburi, viatu vyetu vikiwa na udongo. Mama alisema hivi: "Sikuuona mkono wa mwanangu ukizikwa. Basi aniletee lile gari, niuone pale."

Niseme kuhusu gari. Ni Toyota kuukuu yenye nyuma ndefu. Tulipoinunua ilikuwa nyeupe kama magari mengine yote ya mjini, na Agneta alisema hawezi kushinda akichanganyia watu rangi kisha arudi nyumbani kwa gari jeupe. Alilipaka uani kwetu Kaloleni, Jumapili tatu mfululizo baada ya ibada, mimi nikimshikia bomba la hewa. Rangi aliichanganya mwenyewe. Ilikuwa buluu inayoelekea kijivu, kama shingo ya njiwa, na ndani yake alitia chembe za fedha ambazo huzioni mpaka jua liguse. Dukani aliandika vipimo vya kila mteja katika daftari. Vya gari letu hakuandika. Nilipomuuliza alisema, "Hii ni yetu. Nitakumbuka."

Mama mkwe alikuwa akilijua gari hilo kutoka mbali. Tukikata kona ya mwisho, alikuwa tayari ameshatuma mtoto kufungua lango.

Wiki moja baada ya maziko nililigonga. Nilikuwa naondoka kwenda kumrudisha binti yetu Winny shule ya bweni. Ua wetu ni mwembamba, na langoni kuna nguzo ya chuma iliyoachwa na kanjo, watu wa manispaa, tangu zamani. Miaka yote Agneta ndiye aliyekuwa akisimama nyuma na kuniongoza kwa mkono: njoo, njoo, kata, simama. Asubuhi hiyo nilirudi nyuma mwenyewe, nikakata usukani mapema, na nguzo ikaufuata mlango wa mbele wa kushoto kutoka mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa mlango wa upande aliokuwa akikaa. Winny alikuwa amekaa hapo. Alitazama mbele tu. Nilishuka nikaona bati limebonyea na rangi imechubuka hadi chuma kikaonekana, mstari mrefu kama mkono wangu.

Nikajiambia hili ni jambo la wiki moja.

Kunyoosha bati hakukunishinda. Niliufungua mlango ndani, nikausukuma kwa nyundo ya mpira, nikajaza mabonde kwa pati, nikapiga msasa siku mbili, nikapaka praima, ile rangi ya chini. Nilipopitisha kiganja juu yake sikuhisi bonde wala kilima. Nadhani hilo ndilo lililonidanganya. Nilidhani kwa sababu nilimshikia bomba Jumapili tatu, mikono yangu ilikuwa imejifunza.

Nilikwenda pale dukani kumwona Wechuli. Yeye na Agneta walifanya kazi meza moja kwa miaka tisa, na kwa sababu wote wawili wanatoka upande wa Busia, huniita shemeji. Sikwenda na gari. Nilikuwa nimefungua kile kifuniko kidogo cha nje cha tangi la mafuta, nikakifunga kwa gazeti, nikamwekea mezani. Wateja wengi hufanya hivyo.

Wechuli alikigeuza huku na huku. "Shemeji," akasema, "hii ni kama kumpelekea fundi wa nguo ukucha ili akushonee suti. Lete gari lenyewe, nilipake mimi, lisikusumbue."

Nilimwambia nina haraka. Haikuwa kweli. Ukweli ni kwamba sikutaka mkono wa mtu mwingine juu ya gari lile.

Alichanganya kwa macho kwa karibu saa nzima, tone hapa, tone pale, akipaka kidogo kwa kidole juu ya kifuniko na kukausha kwa hewa ya moto. Mwisho alipopaka sikuweza kuona alipogusa. Nilifurahi kwa mara ya kwanza tangu ile Jumanne. Akanionya nisipulize moja kwa moja kwenye mlango. Nipulize kwanza kipande cha bati, kikauke, nikipake klia, yaani ile ya juu kabisa isiyo na rangi, kisha nikiweke kando ya gari juani na kivulini, asubuhi na mchana. Rangi mbichi, alisema, inadanganya kuliko mtu anayeomba kura.

Nilimsikia, na sikumsikiliza. Rangi ilikuwa imefanana mbele ya macho yangu. Ningehitaji kipande cha bati cha nini?

Jumamosi nilikodi kompresa, nikafunika magurudumu na vioo kwa magazeti, nikaanza. Jirani yetu Lornah alikuwa ameanika shuka kwenye kamba yake, na sikuangalia upepo unakoenda. Alipotoka alisimama akatazama shuka, kisha akanitazama mimi.

"Baba Winny," akasema kwa upole, "hizi nilizinunua zikiwa nyeupe."

Nilimwomba msamaha. Akaziondoa moja moja, akaniambia sasa kila usiku atakuwa anaota amelala garini kwangu.

Nilikuwa nimemaliza mkono wa tatu wa rangi wakati wingu la wadudu wa ziwani lilipofika, wale tunaowaita sami. Kila anayeishi hapa anawajua. Hupanda kutoka majini kama moshi, wakaingia puani, kwenye chai na kwenye taa. Walitua kwenye ule mlango mbichi wote kwa pamoja, kana kwamba mtu amenyunyiza pilipili manga. Nilijaribu kuwapuliza kwa hewa ya kompresa na nikaifanya rangi itiririke. Na rangi ilipokauka, hata pale ambapo hapakuwa na mdudu, ilikuwa nzito zaidi kuliko gari. Ilikuwa kama shati jipya la shule kando ya la mwaka jana.

Nilipiga msasa tena mpaka kwenye praima. Kazi hiyo ilinichukua jioni nne baada ya kazi.

Mara ya pili nilijiona mwerevu. Wechuli aliipunguza rangi kwa maelezo yangu tu, kwa sababu bado nilikuwa sijampelekea gari, na mimi nikaamua kuwashinda sami. Nilichukua vyandarua vyetu vyote viwili, vile vya buluu vinavyotolewa kliniki, nikaazima viwili vya Lornah, nikavishona pamoja, nikavitundika kwenye kamba kuzunguka upande wote wa gari kama chumba. Nikaingia ndani na bunduki ya kupulizia. Hakuna mdudu hata mmoja aliyepita. Nilipuliza mikono mitatu, nikasubiri, nikapaka klia, nikasubiri tena.

Ilikuwa imefanana. Nilisogea, nikarudi, nikainama, nikatazama pale mlango unapokutana na madigadi, lile bati la juu ya gurudumu la mbele, na pale unapokutana na mlango wa nyuma. Hapakuwa na tofauti. Niliketi humo ndani kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu nusu saa. Nilizungumza na Agneta kidogo. Nilimwambia imekubali.

Kisha nikafungua vyandarua, na jua likaingia. Mlango ulikuwa kijani. Si kijani cha majani, lakini mtu yeyote angekiona kutoka barabarani. Ndani ya vyandarua kila kitu kilikuwa buluu, hata kucha zangu, na mimi nilikuwa nimekaa humo nikifananisha buluu na buluu.

Lornah alikuja kuchukua vyandarua vyake. Alitazama mlango, akatazama vyandarua, akaelewa kabla sijasema. Alikunja vyake akaingia ndani, na nikamsikia akicheka akiwa amejiziba mdomo. Sikumlaumu.

Wiki hiyo Masinde alipiga simu. Hakuwa amepiga tangu maziko. Alinisalimu, akaniuliza hali ya Winny, akaniuliza mvua.

"Mulamwa," akasema, "mama anauliza kama umeuza gari."

Ndivyo watu wa kwao wanavyomwita shemeji, mulamwa, na kwa kawaida husemwa kwa mzaha. Safari hii hapakuwa na mzaha. Nilimwambia sijauza, kwamba kuna jambo dogo ninalolirekebisha. Akasema mama hawezi kulala vizuri, kwamba mashangazi wameshaanza kuuliza nguo ziko wapi, na kwamba kuna anayesema mume wa Usenge tayari ameleta mtu mwingine wa kuzivaa. Yeye Masinde hasemi hivyo, lakini kuna anayesema. Zilikuwa zimebaki siku kumi na sita kufika Pasaka.

Nguo zilikuwa kwenye masanduku mawili kitandani, upande wake. Nilikuwa nimezipanga tangu mwezi uliopita. Kitu pekee kilichonizuia kuzipeleka kilikuwa mlango mmoja wa gari, na sikuweza kumweleza mtu yeyote bila kusikika kama mwendawazimu.

Mara ya tatu nilifanya kila nilichoambiwa. Nilipuliza vipande saba vya bati, kila kimoja kwa mchanganyiko tofauti kidogo, nikaviandika nambari kwa nyuma. Niliamka mapema kabla sami hawajapanda. Niliviweka kando ya gari saa moja, saa sita, saa kumi. Namba tano ilikuwa yenyewe. Nilipuliza mlango kwa rangi ya namba tano, taratibu, bila upepo, na ilipokauka nilisimama mbele ya gari na sikuuona mlango. Niliona gari tu.

Nikatembea kuelekea lango, nikageuka. Kutoka huko mlango ulikuwa mweusi, kama mtu aliyesimama kivulini kati ya watu waliosimama juani.

Nilirudi mbele. Sawa. Nikaenda nyuma. Mweusi. Nilifanya hivyo mara nyingi sana, hata Lornah akatoka kusimama mlangoni pake na kusema, "Toka hapa kwangu ni sawa kabisa. Mwambie mama mkwe akija kuangalia asimame hapa kwangu."

Nililipiga kopo teke. Sijawahi kupiga kitu teke tangu nikiwa kijana. Rangi yote iliyobaki ilimwagika kwenye simenti, na doa lipo hadi leo, na kwa hasira yangu niliona kwamba doa lile, likiwa limemwagika ovyo tu, lilikuwa limefanana na gari kuliko mlango wangu.

Jumatatu ya wiki ya kuelekea Pasaka niliomba ruhusa kazini, nikaliendesha gari hadi dukani kwa Wechuli. Hakuniuliza kwa nini nimechelewa. Alilizunguka mara mbili. Akamwagia maji, akachuchumaa, akawasha tochi ya simu na kuilaza ubavuni mwa gari ili mwanga upite sambamba na bati. Akaniita.

"Tazama boneti. Sasa tazama madigadi. Ni rangi moja?"

Nilitazama. Nikasema ndiyo.

"Tazama tena. Usitazame pale zinapokutana. Tazama katikati ya boneti, halafu katikati ya madigadi."

Nikaona. Boneti ilikuwa na kijivu zaidi. Madigadi ilikuwa na buluu zaidi. Akanipeleka kwenye paa, akanipeleka kwenye mlango wa nyuma, akanipeleka kwenye buti. Kila mahali palikuwa na tofauti ndogo. Gari ambalo nilikuwa nimekaa ndani yake miaka sita halikuwa la rangi moja.

Wechuli alianza kucheka, kisha akaacha, akafuta macho kwa mkono wa ovaroli. Alinieleza. Jumapili tatu, makopo matatu. Agneta hakuandika vipimo, kwa hiyo kila Jumapili alichanganya upya kwa macho, na kila mara ilitoka karibu lakini si ileile. Hakujali. Alipofika mwisho wa kipande alichokuwa akipaka hakusimama ukingoni. Aliififisha rangi, akaipuliza nyembamba na nyembamba zaidi ndani ya kipande kinachofuata, hadi jicho likashindwa kusema moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi. Kile kifuniko cha tangi alikipaka Jumapili ya mwisho. Ndiyo maana kilifanana na buti na hakikufanana na kitu kingine chochote.

"Umekuwa ukitafuta rangi ya gari hili," akasema Wechuli. "Haiko. Angekuwa hai angekwambia hivyo, na angekucheka mpaka akae chini. Na pia bunduki unaisogeza karibu mno. Zile chembe za fedha zinazama, ukitazama kwa pembeni panakuwa giza."

Nilimuuliza la kufanya. Alisema dawa ni ileile aliyoitumia Agneta. Nipake mlango, kisha niififishe rangi ndani ya madigadi upande huu na ndani ya mlango wa nyuma upande ule, halafu upande wote wa kushoto upakwe klia kwa pamoja. Hapo hakuna jicho litakaloona. Lakini ili rangi ishike lazima kwanza nipige msasa madigadi na mlango wa nyuma.

"Kazi yake upande huu wote utaifunika," akasema. "Au uende hivyo hivyo na mlango wako mbaya. Sikuchagulii."

Nilifikiri kwa siku mbili. Niliwaza mama akimtuma mtoto kufungua lango, na gari likiingia na ule mlango kama kiraka kwenye suruali, na mashangazi wakitazamana. Niliwaza wakisema huyu ndiye mwanamume aliyeachiwa kitu kimoja akitunze, na hata miezi miwili hakuweza. Nilitaka mama aone gari kama lilivyokuwa. Hivyo ndivyo nilivyojieleza.

Alhamisi Wechuli alikuja Kaloleni baada ya kazi za asubuhi. Nilimwomba asiguse, aniambie tu. Alikaa kwenye ile ndoo.

Nilianza na mlango wa nyuma. Karibu na mshikio palikuwa na tone la rangi lililotiririka na kukauka, dogo kama punje ya mtama. Agneta alikuwa akilikodolea macho kila tulipoosha gari, akisema siku moja ataliondoa, ni aibu kwa mtu wa kazi yake. Nililipitishia msasa. Mara tatu, na halikuwepo tena. Vumbi lake lilikuwa buluu kwenye vidole vyangu, na Wechuli akatazama upande mwingine mpaka nilipoendelea.

Nilipuliza kama alivyoniambia. "Rudi nyuma. Mkono usisimame. Sasa ondoka, ondoka, iache ife yenyewe." Niliiacha ife yenyewe. Nikapaka klia ubavu mzima kutoka taa hadi taa. Hakuna mdudu aliyekuja.

Jioni tuliliangalia kutoka mbele, kutoka nyuma, kutoka langoni, na kutoka kwa Lornah. Lornah mwenyewe alilizunguka lote akiwa na mwiko mkononi, akasema, "Sasa." Wechuli alisema Agneta angeniandika kazi. Mlango haukuwepo. Palikuwa na gari tu.

Jumamosi nilikwenda Port Victoria peke yangu na masanduku mawili. Lango lilikuwa wazi kabla sijafika.

Kwao, kama kwetu, mkwe na mama mkwe hawasogeleani. Hamshikani mikono, na hukai anapokaa. Kwa hiyo nilisimamisha gari katikati ya ua, nikashuka na kuzunguka hadi upande wa kushoto, na mama akatoka polepole kwa fimbo zake mbili, Masinde akimfuata nyuma, akasimama upande wa kulia. Gari lilikuwa kati yetu. Niliona kitambaa chake cha kichwa tu juu ya paa. Mashangazi walibaki kwenye kivuli cha ukuta.

Alinisalimu, nami nikamsalimu. Niliona mkono wake ukipita juu ya boneti, ukafika taa, ukarudi. Kisha alisema na Masinde kwa lugha yao, na Masinde akaniambia mama anataka kuuona upande wa pili. Nilizunguka kwa nyuma ili tusikutane, naye akazunguka kwa mbele. Sasa mimi nilikuwa kulia na yeye kushoto.

Alipitisha mkono kwenye madigadi, kwenye mlango, kwenye mlango wa nyuma. Nilimsikia akipumua. Aliacha kuzungumza kupitia kwa Masinde.

"Baba Winny. Uligonga wapi?"

Sijui nani alimwambia. Labda Winny kwa simu. Nilisema nimegonga mlango wa mbele.

"Siuoni."

"Nimeupaka, Mama."

"Na huu wa nyuma?"

Ningeweza kusema huo ni wa Agneta. Hapakuwa na jicho ambalo lingenikanusha, Wechuli mwenyewe alisema. Nilimwambia kwamba upande wote aliosimama nimeupaka mimi, kutoka taa hadi taa, ili mlango usionekane. Kwamba mkono wa Agneta umebaki kwenye boneti, kwenye paa, kwenye buti, na upande huu niliosimama mimi.

Hakupaza sauti. "Ungekuja na mkwaruzo," akasema. "Mkwaruzo ningeuelewa."

 

Aliomba kiti. Tukazunguka tena, yeye kwa mbele, mimi kwa nyuma, na Masinde akamwekea kiti upande wa kulia, karibu kabisa na gari, na mama akaegemeza bega lake kwenye mlango wa dereva. Niliyatoa masanduku upande wangu, Masinde akayapeleka. Alizigawa nguo akiwa pale pale. Nilisikia majina ya mashangazi na dada, na kila jina nguo ikikunjuliwa, kisha jina lingine. Ovaroli ya kijivu hakumpa mtu. Baadaye niliwekewa chakula kwenye nyumba ya Masinde, samaki na ugali wa mtama, nikala chote kwa sababu ingekuwa vibaya kuacha. Kabla sijaondoka Masinde alileta ujumbe kwamba mama ananitaka nirudi Agosti na Winny, shule zikifungwa, na nije na gari.

Wechuli ananiambia klia niliyotumia si ile aliyokuwa akitumia Agneta. Ni ya bei ya chini na haivumilii jua, kwa hiyo upande wa kushoto utaanza kupauka kabla ya ule wa kulia, na mwisho tofauti itaonekana wazi. Siku hizi gari naliegesha makusudi nje ya ukuta, ubavu wa kushoto ukielekea magharibi, na linapigwa na jua kuanzia saa saba hadi jioni.